Viazi vya kuoka vya sikukuu: ukoko huanzia kwenye sufuria, si kwenye oveni

Viazi vikilegea siku ya Krismasi, lawama huangukia oveni. Oveni ya zamani, gesi inaishia, umeme umeshuka. Mara nyingi oveni haina kosa lolote. Kosa lilifanyika saa nzima kabla, pale viazi vilipochemshwa nusunusu, vikachujwa maji upesi na kusukumwa kwenye trei vikiwa bado vinafuka mvuke. Kiazi chenye maji juu yake hakikaangiki. Kwanza kitajipika kwa mvuke wake chenyewe mpaka maji yaishe, na yakiisha, wageni wameshakaa mezani.

Ukoko tunaujua sote kutoka chini ya sufuria ya wali: wanga uliolowa ukaiva, ukagusana na chuma cha moto chenye mafuta, ukapoteza maji yake polepole mpaka ukashikamana na kukauka. Kiazi cha kuoka kinataka ukoko huohuo pande zote, na ndani kibaki laini, cheupe, cha kumeguka kwa uma. Kwa hiyo kazi ni tatu: kutengeneza tope jembamba la wanga juu ya kiazi, kulikausha, kisha kulikaanga ndani ya oveni. Mbili za kwanza hufanyika nje ya oveni, na ndizo zinazorukwa.

Vipimo ninavyotumia hapa ni vya watu 8 hadi 10, viazi vikiwa ndio wanga mkuu wa mezani: viazi kilo 2.5 kabla ya kumenya, maji lita 4, chumvi vijiko 2 vya mezani vilivyojaa, soda ya kuokea kijiko 1 cha chai, mafuta mililita 150 (vijiko 10 vya mezani). Kama kuna pilau na chapati pia, kilo 1.5 zinatosha na vingine vinapungua kwa uwiano huo.

Kiazi chenyewe

Muuzaji wa sokoni hukutajia vinakotoka: hivi vya Njombe, hivi vya Lushoto, hivi vya Nyandarua. Hiyo haikusaidii sana, kwa sababu shamba moja linaweza kutoa viazi vya unga na jirani yake akatoa vya maji. Unachotaka ni kiazi chenye wanga mwingi na maji machache, kile ambacho kikichemshwa hupasukapasuka na kuacha unga kwenye kisu. Kiazi cha maji, kinachobaki kigumu na cha kung'aa kikichemshwa, ni kizuri kwa mchuzi na saladi. Kwenye oveni hutoa ganda jembamba linalolegea ndani ya dakika tano.

Kuna njia ya kupima nyumbani. Koroga kikombe 1 cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji mpaka iyeyuke yote, kisha tumbukiza kiazi kizima. Kikizama, kina wanga mwingi, kinafaa. Kikielea, kipeleke kwenye mchuzi. Sababu ni uzito tu: wanga ni mzito kuliko maji, na maji hayo ya chumvi yamefanywa mazito kiasi cha kutenganisha makundi mawili. Nunua viazi vichache kwanza, pima, kisha rudi kwa muuzaji yuleyule kuchukua vilivyobaki. Ni usumbufu, lakini unafanyika mara moja kwa mwaka.

Kwa Kenya, Shangi ndiyo imejaa masokoni. Inaiva haraka mno na kumeguka. Ukoko wake ni mzuri sana, ila ukiisahau dakika mbili kwenye maji unapata supu. Dutch Robijn, ile yenye ganda jekundu inayopendwa na watengenezaji wa krispi, ina wanga mwingi na huvumilia sufuria kuliko Shangi. Ukiiona, chukua. Walioko Uingereza wamerahisishiwa, kwani Maris Piper, iliyoingia sokoni 1966, na King Edward ya 1902 zinauzwa kwa majina yake na zote mbili zinafaa. Walioko Marekani watafute Russet.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hujalipa. Sugua kiazi kwa kidole gumba: ngozi ikitoka kirahisi kama ya nyanya iliyochovywa kwenye maji moto, kimechimbwa kabla ya kukomaa, kina maji na sukari nyingi. Na chenye ukijani chini ya ngozi kiache hapohapo. Ukijani ni dalili kwamba kimekaa juani, na sumu inayojijenga pamoja nao haiondoki kwa kuchemsha.

Ukivifikisha nyumbani, usivitie kwenye friji vikiwa vibichi. Kwenye baridi ya chini ya nyuzi 6 hivi, kiazi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari. Matokeo yake utayaona kwenye oveni: vinakuwa vyeusi nje kabla ukoko haujakauka, na vina utamu usioeleweka. Kikapu, giza, hewa, inatosha. Vilivyokwisha kukaa kwenye friji vikirudishwa nje wiki moja au mbili hupungua ile sukari, lakini kama sikukuu ni keshokutwa, nunua vingine.

Kumenya na kukata

Kata vipande vya ukubwa wa yai la kuku, gramu 50 hadi 60 hivi. Vidogo zaidi ya hapo vinakauka mpaka ndani; vikubwa zaidi vina sehemu ndogo ya ukoko kwa kila tonge. Kata kwa mshazari, si mchemraba. Kiazi cha wastani kigawe kwa mkato mmoja wa mshazari, kisha kigeuze na ukate tena kwa mshazari wa upande mwingine. Unapata vipande vyenye nyuso bapa na kingo kali. Nyuso bapa hugusa trei, kingo kali ndizo hukauka zaidi. Kiazi cha mviringo hugusa trei kwa nukta moja tu.

Suuza vipande mara moja kuondoa wanga mbichi uliotoka kwenye kisu. Usivilaze kwenye maji saa nyingi.

Maji, chumvi na soda

Injika viazi kwenye maji baridi, si yanayochemka. Ukivitumbukiza kwenye maji ya moto, nje kunaiva na kuanza kuyeyuka huku kiini kikiwa kibichi. Tia chumvi yote sasa, kwa sababu baada ya ukoko kujifunga chumvi haiingii tena ndani.

Kisha soda ya kuokea. Anayepika maharagwe au makande kwa magadi anaijua kazi hii tayari: maji yenye magadi hulegeza kile kinachogundisha chembe za mmea, na vitu vigumu huiva upesi. Kwenye viazi hatutaki kiive chote upesi. Tunataka tabaka la nje tu limomonyoke na kuwa tope la wanga. Kijiko 1 cha chai kwa lita 4 za maji kinatosha. Ukizidisha, viazi vinakuwa na rangi ya manjano na ladha ya sabuni. Magadi ya mawe yana nguvu kuliko soda ya dukani, kwa hiyo kama ndiyo uliyonayo, tumia nusu ya kipimo na uyeyushe pembeni kwanza uchuje mchanga. Beking pauda usiitumie hapa. Ina asidi ndani yake, na asidi hufanya kinyume kabisa, yaani hukaza kiazi.

Kwa sababu hiyohiyo, ndimu na siki zisikaribie sufuria hii. Kuna wanaopenda kuchemshia viazi kwenye maji ya ndimu ili visiwe vyeusi. Vitabaki vyeupe kweli, lakini nyuso zake zitakuwa laini kama kokoto la mtoni, na uso laini haushiki mafuta.

Maji yakianza kuchemka, punguza moto yatokote kwa utulivu. Kuanzia hapo hesabu dakika 8 kwa Dar es Salaam au Mombasa, ila Shangi ianze kukaguliwa dakika ya 5. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo viazi vilevile vitahitaji dakika mbili au tatu zaidi. Ndiyo maana kipimo cha dakika kutoka kwa shangazi aliyeko Tanga hakifanyi kazi kwa mpwa aliyeko Nairobi, na wote wawili wana haki.

Usitegemee saa peke yake. Ingiza ncha ya kisu: iingie bila kusukuma mpaka karibu na katikati, halafu ikute ukinzani kidogo. Kingo za vipande ziwe zimeanza kuchakaa, kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni. Wengi huepua mapema kwa kuogopa vitavunjika. Kiazi kilichoepuliwa mapema hakina tope, na bila tope hakuna ukoko. Hata ukikioka saa moja na nusu kitakuwa na ngozi kavu kama kadibodi. Kikikubahatisha kupasuka kidogo, huko ndiko kuzuri.

Kufusha mvuke na kutikisa

Chuja kwa kung'uto au chujio pana. Usikimbilie kutikisa. Viache humohumo dakika 5 hadi 10, wazi. Mvuke unaouona ukipanda ni maji yale ambayo yasingetoka sasa yangetokea ndani ya oveni. Mwanzoni kipande kinang'aa. Baada ya dakika chache mng'ao unapotea, kinafifia na kuwa cheupe kama chokaa iliyokauka ukutani, na kingo zinaanza kuonyesha nyufa nyembambanyembamba. Hapo ndipo pamekauka vya kutosha. Kama una haraka, virudishe kwenye sufuria tupu juu ya moto mdogo kabisa dakika moja, ukiwa umesimama hapohapo.

Sasa mimina vijiko 3 vya mezani vya mafuta juu yake kutoka kwenye ule mgao wa mililita 150, funika sufuria, ishike kwa vitambaa viwili na uitikise juu-chini mara 10 hadi 12. Funua uangalie. Kila kipande kiwe kimevaa koti la tope kama viazi vya kuponda, mafuta na wanga vikiwa vimechanganyika. Kama bado ni laini, tikisa tena. Shangi iliyoiva sana itikise mara tano tu, taratibu, vinginevyo utapata bakuli la viazi vya kuponda, na hivyo ni mlo mwingine.

Kuna wanaonyunyiza unga hapa. Waingereza hupenda semolina. Unga wa mchele unafanya kazi nzuri zaidi kwa maoni yangu, kijiko 1 cha mezani kwa kilo. Ni mkongojo kwa kiazi cha maji. Kiazi cha unga kilichotikiswa vizuri hakihitaji, na unga ukizidi unaacha mchanga mdomoni. Unga wa ngano ndio mbaya kuliko wote, kwani hujigeuza ganda gumu linalobanduka.

Hatua hii ndiyo mahali pazuri pa kusimama. Panga vipande kwenye trei visigusane, viache vipoe kabisa, kisha viingize kwenye friji bila kufunika mpaka kesho yake. Vikiwa vimeshachemshwa friji haina madhara, tena inasaidia: hewa kavu ya friji inanyonya maji ya juu, na wanga ulioiva ukipoa hujipanga upya na kukaza, hivyo koti linakuwa imara. Mkesha wa Krismasi jikoni hufanyika kazi hii usiku, na asubuhi inabaki kuoka tu. Kama friji imejaa nyama na soda, meza chini ya feni kwa saa moja inatosha, ila si usiku kucha kwenye joto la pwani.

Mafuta

Oveni itakuwa na nyuzi 220 za Selsiasi, kwa hiyo mafuta lazima yahimili moto huo bila kutoa moshi. Alizeti iliyosafishwa inahimili. Samli inahimili pia, na ina harufu inayofanya watu waje jikoni kuuliza. Siagi haihimili: ina maji na chembe za maziwa, na chembe hizo huanza kuungua kwenye nyuzi 150 hivi. Tofauti ya samli na siagi ni kwamba samli imeshaondolewa vyote viwili. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani hutoa moshi mapema; yatunze kwa mapishi mengine.

Shahamu ya ng'ombe iliyoyeyushwa ndiyo hutoa ukoko mkavu kuliko wote na unaodumu zaidi. Mwombe muuza nyama mafuta meupe ya figo, yakatekate, yayeyushe kwa moto mdogo na maji nusu kikombe mpaka maji yaishe na vibaki vikauke, chuja. Gramu 300 zinatosha na kusazwa. Mimi huchanganya theluthi moja ya shahamu na mbili za alizeti. Uingereza sifa zote hupewa mafuta ya bata bukini, na yeyote anayeoka bata nyumbani asiyamwage yale yanayochuruzika. Lakini meza ya sikukuu ina kila aina ya mgeni. Kama hujui nani hali nini, tumia alizeti tupu na ulale usingizi.

Rozmari na kitunguu saumu visitupwe kwenye trei tangu mwanzo. Saumu iliyosagwa inaungua kwa dakika kumi kwenye joto hili na kuyatia uchungu mafuta yote. Pasha mafuta kwenye sufuria ndogo na punje 6 za saumu zilizokatwa vipande vyembamba na tawi la rozmari, kwa moto mdogo, mpaka saumu iwe ya dhahabu hafifu. Chuja. Mafuta ndiyo utakayookea, na saumu na rozmari utazirudisha juu ya viazi vikishaiva. Kwa Nairobi na Arusha rozmari haina haja ya kununuliwa, uzio wa jirani unatosha, kwa ruhusa yake.

Ndani ya oveni

Trei iwe ya chuma, nzito, yenye ukingo mfupi. Bakuli la kioo lenye kuta ndefu linashika mvuke na halipeleki moto kwa haraka. Bati jembamba nalo hujipinda likipata moto, mafuta yakakimbilia kona moja, na viazi vya upande wa pili vikabaki vinajikausha vyenyewe. Trei ya sentimita 40 kwa 30 inabeba kilo moja na kidogo, kwa hiyo kilo 2.5 zinataka trei mbili. Hapa ndipo wengi huona ni sawa kubananisha. Si sawa. Kati ya kipande na kipande pite kidole. Vikigusana, mvuke wa huyu unamlowesha mwenzake.

Washa oveni nyuzi 220 (200 kama ina feni) dakika 20 kabla. Dakika 10 za mwisho ingiza trei zikiwa na mafuta. Toa moja, funga mlango oveni isipoe, na upange viazi upesi kwa koleo, upande bapa ukiwa chini. Lazima visikike: chaaa! Ukiweka kipande na usisikie kitu, mafuta hayajawa tayari, na kiazi kitayanywa badala ya kukaangika. Kigeuze kila kimoja mara moja kipakae mafuta, kirudi upande bapa chini.

Dakika 20 za kwanza usivigeuze hata kidogo. Ukijaribu kukigeuza kabla ya muda, koti lote litabaki kwenye trei. Wanga ukiwa umelowa hushikamana na chuma. Ukikauka unajiachia wenyewe. Kama kipande hakitoki kwa kusukumwa kidogo na mwiko bapa wa chuma, kipe dakika tano nyingine. Unachoruhusiwa kufanya ni kufungua mlango dakika ya 15, sekunde tano, wingu la mvuke litoke. Jihadhari na miwani.

Geuza, rudisha dakika 15 hadi 20. Badilisha trei, ya juu iende chini, na uzizungushe, kwa sababu nyuma ya oveni nyingi kuna moto zaidi kuliko mlangoni. Geuza tena, dakika 10 hadi 15 za mwisho. Jumla ni dakika 45 hadi 55, na dakika 10 zaidi kwa vilivyotoka kwenye friji. Unatafuta rangi ya dhahabu iliyokolea, kingo zikiwa kahawia kidogo. Usivipeleke mpaka kahawia nzito. Uchungu huanzia hapo. Njia nzuri kuliko rangi ni sauti: tikisa trei. Vikigongana kama kokoto, vimekauka. Vikiteleza kimyakimya, bado.

Ukiona mafuta yamejaa chini ya trei katika dakika za mwisho, yamimine kwenye kikombe kisha urudishe viazi. Mafuta yanayozidi hayaongezi ukoko baada ya hapo, yanaulainisha.

Oveni ndogo za mezani zinaingiza trei moja tu. Oka awamu ya kwanza dakika 35 mpaka iwe dhahabu hafifu, itoe, oka ya pili dakika 35, halafu changanya zote, hata zikibanana kidogo si neno kwa sasa, na uzipe dakika 10 kwa moto wa juu kabisa. Maji yameshatoka, kinachobaki ni kukoleza.

Bila oveni, sufuria nene na makaa hufanya kazi, kwa njia ileile ya kuoka mkate wa kumimina. Kilo moja kwa mara moja, tabaka moja tu chini, mafuta vijiko 4 yakiwa yamepata moto tayari. Palia makaa juu ya mfuniko, theluthi mbili ya makaa yakae juu na theluthi moja chini. Tatizo lake ni mvuke hauna pa kutokea, kwa hiyo dakika 15 za mwanzo egemeza ukingo wa mfuniko juu ya kipande cha chuma kama msumari mnene ubaki mwanya. Geuza baada ya dakika 20 na upunguze makaa ya chini, kwani huko ndiko huungua kwanza.

Oveni moja, nyama na viazi

Kuku au paja la mbuzi likiwa ndani pamoja na viazi, mvuke wake unazuia viazi kukauka, na moto wa nyama (180 hivi) hautoshi kwa ukoko. Acha nyama itangulie. Kama mnakula saa nane mchana, nyama itoke saa saba kasoro robo, ifunikwe kwa foili na taulo zito juu. Paja la mbuzi halipoi kwa saa moja ya namna hiyo, na linakatika vizuri zaidi likipumzika. Oveni ikwee mpaka 220, trei za mafuta ziingie palepale, viazi viingie saa saba kamili. Saa saba na dakika 20 geuza, saa saba na dakika 40 geuza tena, saa nane kasoro dakika tano vitoke. Ngozi ya kuku ikiwa imelegea, mrudishe dakika tano viazi vikishatoka.

Kutoka oveni mpaka mezani

Nyunyiza chumvi laini mara tu vinapotoka, mafuta yakiwa bado yanachemka juu yake, ndipo inashika. Rudisha saumu na rozmari. Pilipili manga, au bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, iingie sasa. Ndimu ikamuliwe mezani, kila mtu na sahani yake, na kachumbari ikae bakuli lake. Maji ya nyanya yakigusa ukoko umekwisha.

Halafu hotpoti. Hii ndiyo huharibu viazi vingi kuliko makosa yote niliyotaja. Viazi vimetoka vinalia, mtu mwema anavitia kwenye hotpoti na kufunga kifuniko ili visipoe, na ndani ya dakika kumi vimelowa kama maandazi yaliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mvuke unaotoka katikati ya kiazi hauna njia, unarudi juu ya ukoko. Foili inafanya vilevile, na kitambaa kizito pia. Sinia pana, tabaka moja au mawili, wazi. Kama ni lazima visubiri, vibaki kwenye trei ndani ya oveni iliyozimwa, mlango ukiwa umeachwa wazi kiasi cha kuingia mwiko. Vinavumilia dakika 20, vya shahamu hata 30. Wageni wakichelewa zaidi ya hapo, viache vipoe kabisa na uvirudishe nyuzi 220 dakika 10 watakapopiga hodi.

Vilivyobaki, kama vitabaki, vipoe, viingie friji, na kesho yake vipashwe kwenye trei kavu bila kuongeza mafuta, nyuzi 200, dakika 15. Maikrowevu hulegeza. Au viponde kidogo kwa kiganja, uvikaange kwenye kikaango na kitunguu na pilipili mbichi, uvunjie mayai mawili juu yake.